Deni na Sarafu Inayoanguka



Nimetakiwa na chama chetu niseme maneno machache juu ya deni, wala sikuona njia ya kueleza habari za deni katika Kongo hii bila ya kutaja kwanza sarafu yake.

Mwaka 1967 serikali ilitoa zaire mahali pa faranga za zamani, na zaire moja ilikuwa sawa na dola mbili za Marekani. Vijana wakisikia hayo hucheka. Bei ya shaba ilipoanguka katika miaka ya 1970, mapato ya nchi yalipungua, lakini matumizi ya wakubwa hayakupungua, na pengo likazibwa kwa kupiga chapa noti. Noti zilizidi, bidhaa hazikuzidi. Mwisho wa 1992 ikatoka noti ya zaire 5,000,000. Wenye maduka wakaikataa, na askari waliolipwa kwa noti hiyo, walipoona hainunui kitu, wakaasi mjini Kinshasa Januari 1993. Oktoba mwaka ule ule ikaletwa zaire mpya, moja kwa 3,000,000 za zamani. Watu wa Kasai hawakuiamini, wakashikamana na zile kuukuu zao. Mwaka 1998 zikarudi faranga, moja kwa zaire mpya 100,000.

Hesabuni nami. Faranga moja ya 1998 ilikuwa sawa na zaire za mwanzo 300,000,000,000. Mwanamke aliyeolewa mwaka 1967, mahari yake ya kuakhirishwa ikaandikwa zaire 100, alikuwa akimdai mumewe kitu cha dola 200. Mume akifariki mwaka 1998, warithi hawana hata senti moja ya kumhesabia. Karatasi ipo na saini za mashahidi zipo. Haki yake imekwenda wapi?

Suala hili lilijulikana tangu zama za fulusi za shaba. Imamu Abu Hanifa alisema mdaiwa hurudisha idadi ile ile aliyokopa. Mwanafunzi wake Abu Yusuf akasema hulipa thamani. Mwaka 1988 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Kuwait, lilikata kwamba deni hulipwa kwa idadi, wala lisifungwe na kupanda kwa bei. Mimi si mtu wa kushindana nao. Lakini mwenye uwezo anayechelewesha deni makusudi, akingoja sarafu ianguke, huyo ni dhalimu, na asijifiche nyuma ya kauli za wanazuoni.

Dawa iko siku ya kuandikiana, na aya ndefu kuliko zote katika Kurani ni hiyo ya kuandika deni. Enyi mawalii, mahari ya kuakhirishwa iandikeni kwa gramu za dhahabu, au kwa ng'ombe. Wengi siku hizi hukimbilia dola, na sababu yao naifahamu, kwa kuwa mwaka 2024 dola moja ilipita faranga 2,500. Aliyekopesha dola alipwe dola. Ila kukopesha faranga na kuandika dola ni jambo jingine, msilifanye kabla ya kuuliza.

Na zile karatasi za zaire zilizomo masandukuni mwa wajane wetu, msizitupe. Zileteni kwa wazee wa chama, nasi tutawaita warithi, tukae nao, tutafute suluhu inayomtosha mama wa watu.