Jembe Kabla ya Hatua: Kufundisha Bugobogobo kwa Wanafunzi Wasiowahi Kulima



Nimeombwa nizungumzie namna mwanafunzi wa sekondari anavyojifunza ngoma ambayo si ya kwao. Ngoma ni nyingi na muda ni mfupi, kwa hiyo nitabaki kwenye moja tu, bugobogobo ya Wasukuma. Nimeifundisha miaka sita mfululizo katika shule moja ya Pwani, ambako karibu wanafunzi wote ni Wazaramo, Wakwere, Wandengereko na watoto waliohamia na wazazi wao kutoka Dar es Salaam. Miaka miwili ya mwanzo niliifundisha vibaya, na ningependa kueleza ubaya huo ulikuwa wapi.

Nilianza na hatua. Nilisimama mbele, nikawapa wanafunzi mgongo ili wafuate miguu yangu, nikahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Nilizikata hatua vipande vipande, kila kipindi kipande chake. Baada ya wiki tano wanafunzi wa kidato cha pili walikuwa na hatua zote, mistari imenyooka, mikono inapanda kwa pamoja. Mkuu wa shule alifurahi, nami nilifurahi.

Siku moja alikuja kututazama mzee mmoja, mwenyeji wa Magu huko Usukumani, anayeishi jirani na shule. Ujanani alipiga ngoma. Alikaa kwenye benchi mpaka mwisho, akawapigia watoto makofi, kisha akaniita pembeni. Akaniuliza, "Mwalimu, hawa wajukuu zangu wanalima wapi?" Nilidhani ananitania. Nikamjibu kuwa hapa tunacheza tu, hatulimi. Akatikisa kichwa, akasema, "Ndiyo maana."

Wengi wetu hapa tunajua kuwa bugobogobo ni ngoma ya jembe, ila tunalijua jambo hilo kama maelezo ya kusoma jukwaani kabla kikundi hakijaingia. Usukumani vijana walilima kwa vikundi, wamejipanga safu, ngoma ikilia pembeni mwa shamba na manju akiongoza wimbo, majembe yakipanda na kushuka pamoja. Katika miaka ya 1950 kilimo cha pamba kilipanuka sana kanda ile. Vyama vya ushirika vya wakulima vilikua mpaka mwaka 1955 vikaungana katika chama kikuu kimoja, Victoria Federation of Cooperative Unions. Mashamba yalipoongezeka, mikono ilihitajika zaidi, na kikundi chenye ngoma nzuri kilikuwa na mvuto wake. Kulizungusha jembe, kulirusha juu na kulidaka ni mbwembwe za mtu ambaye jembe limemzoea. Kwanza alilima nalo mpaka likawa jepesi mkononi mwake, kisha ndipo akacheza nalo.

Wanafunzi wangu walikuwa na majembe ya maboksi. Tuliyakata wenyewe, tukayapaka rangi ya fedha, yakapendeza machoni. Jembe la boksi halina uzito, na kosa langu lilikuwa hapo. Mwanafunzi akilirusha, analirusha kwa kifundo cha mkono, kama anayepunga leso. Kifua kinabaki wima na magoti yamenyooka. Nilikuwa nikipiga kelele kila siku, "Kunja magoti! Inama!" Wanakunja, baada ya dakika mbili wamenyooka tena. Niliwaona wazembe, kumbe mwili haukuwa na sababu ya kuinama.

Mwaka wa tatu nilimwomba fundi seremala atuchongee majembe ya mbao ngumu, bapa lake zito, pembe zimeviringwa ili zisimjeruhi mtu, na mpini wa kawaida wa dukani. Siku ya kwanza sikufundisha hatua hata moja. Niliwaambia wainue na kushusha, basi. Nilisimama karibu na binti mmoja nikamtazama mgongo. Mara tatu za kwanza aliinua kwa mabega, na mabega yakachoka. Mara ya nne au ya tano, uzito ulipokuwa ukishuka, makalio yake yalirudi nyuma kidogo, magoti yakalegea, kisigino cha kulia kikakaa chini chote. Hakuna aliyemwambia. Jembe ndilo lililomkalisha. Mkao ule niliokuwa nikiupigia kelele kwa wiki tano ulikuja wenyewe kabla kengele haijalia.

Kutoka hapo tulikwenda shambani. Shule ina eneo la mihogo, tukapewa kona moja, tukapiga matuta kwa vipindi vinane. Na hapa niseme jambo ambalo sikuwa nimelifikiria, ingawa nimesoma katika shule hizihizi. Kwa mwanafunzi wetu jembe ni adhabu. Aliyechelewa namba, aliyekutwa akiongea darasani, aliyesahau sare, wote hupewa jembe. Nilipowapeleka shambani kijana mmoja alikuja ofisini, amenyenyekea, akaniuliza, "Samahani mwalimu, sisi tumekosa nini?" Mzazi mmoja alipiga simu kulalamika kuwa mtoto wake amerudi na malengelenge viganjani ilhali yeye analipia masomo ya sanaa. Tunataka mtoto acheze kwa majivuno akiwa na kitu ambacho shule yenyewe imemfundisha kukionea aibu. Bugobogobo ni ngoma ya watu wanaojivunia kulima. Kama majivuno hayo hayamo, kinachobaki ni mazoezi ya viungo yenye mavazi mazuri. Niliwaomba walimu wenzangu, kwa muda wa mhula ule tu, wasitumie jembe kama adhabu. Wengi walikubali, baadhi walikataa, na bado tunaendelea kuzungumza.

Baada ya mwili linafuata sikio. Wanafunzi wetu wana masikio makali, tusiwadharau. Wamekua na singeli, muziki wenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na wana amapiano kwenye simu zao. Wanaweza kutazama mtindo mpya jioni na kesho asubuhi wakaucheza uwanjani. Ila wanajifunza kwa macho. Wanachukua umbo la mkono na umbo la mguu, kisha muziki unawekwa juu yake, na muziki wa simu haubadiliki: kesho ni uleule wa leo. Mpiga ngoma wa bugobogobo anabadilika, maana anawatazama wachezaji. Akiona safu imechoka anapunguza, akiona mmoja amepandisha anamfuata huyo. Mwanafunzi aliyehesabu moja mpaka nne anapotea palepale, kwa kuwa hesabu imo kichwani mwake na ngoma imeshakwenda kwingine.

Yule mzee wa Magu, ambaye sasa wanafunzi wanamwita babu, alilitatua hili kwa njia ambayo sikuisoma chuoni. Aliwafunga njuga miguuni, akawapa hatua moja tu, ya kuchapa mguu chini huku wakienda upande kama anayehama tuta, akapiga kipindi kizima hatua ikiwa hiyohiyo. Akiharakisha, wanaharakisha. Akinyamaza, wanasimama. Kisha aliwageuza wakatazama ukuta, wasimwone mikono. Njuga zilisema yote, maana mguu uliochelewa ulisikika peke yake. Kipindi cha tatu zililia kama kitu kimoja, na watoto wenyewe waligeuka kutazamana. Baada ya hapo hatua zilizobaki, ambazo zamani zilinichukua wiki tano, ziliingia kwa siku nne.

Ugumu wa kuifundisha ngoma nje ya kwao haukuanza na sisi. Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge tarehe 10 Desemba 1962 na kutangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, alisikitika kwamba wasomi wengi walijua rumba na chachacha, na wachache tu waliweza kucheza ngoma za kwetu kama gombe sugu au lele mama. Kikundi cha Ngoma cha Taifa kilichoundwa miaka ile ya 1960 kiliwakusanya vijana wa makabila tofauti, kila mmoja akajifunza ngoma za wenzake, na kazi hiyo baadaye ikahamia Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Nawaheshimu sana waliotutangulia, na mimi ni mtoto wa kazi yao. Lakini jukwaa lilikuwa na masharti yake: ngoma ya siku nzima ikapunguzwa iwe ya dakika chache za kumpokea mgeni uwanja wa ndege, na sisi walimu wa shule tukairithi ikiwa tayari imekatwa. Tunafundisha kifupisho tukidhani ndiyo ngoma yenyewe.

Nije kwenye upimaji, ambako naona hatari kubwa zaidi. Mkondo wa amali ulioanza katika baadhi ya sekondari Januari 2024 umeongeza nafasi ya vitendo, nasi tumeandaa fomu za alama: usahihi wa hatua, mpangilio, maleba, tabasamu. Usukumani ngoma ina mashindano yake ya zamani, ya vyama viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wengi upande wake. Mchezaji anapimwa na watu wanaohama kwa miguu yao. Sisemi tuige hilo katika mtihani wa taifa. Mwaka huu nimejaribu jambo dogo: mwanafunzi anaingia na jembe la uzito kamili, babu anapiga kwa mwendo ambao mwanafunzi hakuufanyia mazoezi, na katikati anaubadilisha mara mbili. Natoa alama kwa kile anachofanya katika mapigo manne baada ya badiliko. Yule binti niliyemtaja, aliyekalishwa na jembe, alikuwa msaidizi wangu siku hiyo, sasa yuko kidato cha nne, na ndiye aliyegundua kuwa wanafunzi wanaopotea hutazama miguu yao kwanza, na wanaorudi haraka humtazama mpiga ngoma.

Mtihani huo hauwezekani bila mpiga ngoma. Babu amekuja shuleni kwetu siku mbili kwa wiki kwa miaka minne. Fomu ya kumlipa mwalimu wa muda ina kisanduku cha kiwango cha elimu na kingine cha namba ya cheti, na babu aliishia darasa la nne. Mara tatu nimeijaza na mara tatu imerudishwa. Kwa sasa tunamchangia nauli, walimu watatu na mimi, na wanafunzi humletea mihogo ya lile shamba. Ndugu mwenyekiti, naomba kabla hatujaenda kwenye chai tukijadili kisanduku hicho, maana wapo hapa wanaoweza kukibadilisha.