Makombe ya Ziwa Yanatuambia Nini?

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Kakuma



Leo tunazungumza juu ya makombe. Wenzetu wa upande wa Kalokol na Lothagam huyakuta mchangani, meupe kama chokaa, mbali kabisa na maji. Wengine husema bahari ilifika huku. Wengine husema: penye makombe chimba, maji yako chini. Tuyaangalie maneno haya mawili polepole, maana hilo la pili linaweza kula michango yetu yote.

Kwanza, bahari. Konokono na chaza hawa si wa bahari. Jamaa zao wako katika mto Nile mpaka leo, na wanataka maji matamu. Makombe ya bahari yako pwani. Yale mawe ya matumbawe ya Mombasa yalikuwa chini ya maji miaka kama 125,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko sasa. Kila kiumbe ana maji yake. Ukipata kombe lake, umejua maji yaliyokuwapo.

Wataalamu hufanya mambo matatu. Hutazama kombe ni la aina gani. Hupima mahali lilipo ni juu ya ziwa kwa mita ngapi. Halafu hupima kaboni iliyomo ndani yake, wapate umri.

Wameona nini? Miaka kama 9,000 iliyopita mvua zilikuwa nyingi, na Ziwa Turkana lilisimama karibu mita 100 juu ya lilipo siku hizi. Lilifurika, maji yakapitia Lotikipi, kaskazini yetu hapa, yakaingia Nile. Karibu miaka 5,000 iliyopita mvua zilikwisha kupungua na ziwa likashuka. Maji hayakuwa tena na pa kutokea. Jua likayanywa, chumvi na magadi vikabaki. Ndiyo sababu aina nyingi za makombe yale hazimo ziwani leo.

Basi sikieni vizuri: makombe yanatueleza maji ya zamani, hayatuahidi maji ya leo. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba chini ya Lotikipi kuna maji mengi mno. Watu walifurahi. Vipimo vya baadaye vikaonyesha yana chumvi nyingi, hayafai kunywa. Kwa hiyo, kabla kikundi hakijatoa pesa za kisima, tudai vipimo viwili: wingi wa maji, na ubora wake, yaani chumvi na ile floraidi inayoharibu meno ya watoto. Mtu akisema, "Hapa pana makombe," mwulizeni karatasi ya vipimo iko wapi.

Jambo lingine. Visukuku vinalindwa na sheria ya mwaka 2006. Mkikuta makombe au mifupa iliyogeuka mawe, msing'oe wala kuuza. Pelekeni habari kwa chifu, au kwa Turkana Basin Institute kule Turkwel. Kombe likishahamishwa, hakuna ajuaye lilitoka wapi, na habari yake imekufa.

Je, ziwa liliposhuka, watu walifanyaje? Zamani walivua kwa mikuki ya mfupa, nayo imeokotwa Lothagam. Maji yalipokimbia, ufugaji ukaingia. Wafugaji hao wa kwanza walijenga makaburi ya pamoja hapo hapo Lothagam. Mwaka 2018 watafiti walieleza kwamba wamelala humo watu wasiopungua 580, wakubwa kwa watoto, karibu wote na mapambo yao, bila dalili ya tajiri kutengwa na maskini. Nchi iliwageuka, nao wakabadili kazi na wakashikana. Nasi tumeona ukame wa 2020 hadi 2023. Mifugo peke yake haitoshi tena.

Maswali ya kujadili kikundini:
1. Visima vyetu vimepimwa lini, na nani ana karatasi?
2. Mvua zikikosa misimu miwili, kikundi kitaishi kwa kazi gani nyingine?
3. Wazee wanakumbuka maji yalikuwa wapi? Nani atayaandika?