Kuyazuia Magugu ya Bustani ya Maua kabla ya Masika

Vitabu vingi vya bustani vinavyosomwa katika Kenya viliandikwa Ulaya, navyo humwambia mwenye maua aanze kupigana na magugu baridi inapokwisha na jua linapoanza kuipasha ardhi joto. Kwa mtu wa Kiambu, Nyeri au Nairobi shauri hilo halina faida kubwa. Huku mbegu za magugu hungojea maji. Mvua za masika huanza kwa kawaida mwezi wa Machi, na baada ya siku chache tuta lililokuwa jekundu na tupu huwa limefunikwa majani mabichi. Basi kazi ya kuzuia yapasa kuanza mwezi wa Februari, udongo ungali mkavu.

Yako magugu ya namna mbili, na asiyeyapambanua hujichosha bure. Ya kwanza ni yale yaotayo kwa mbegu, kama kishona nguo, ambacho mbegu zake hushika nguo za wapitao na manyoya ya mbuzi. Haya yakikatwa kwa jembe kabla ya kuchanua, yamekwisha. Ya pili ni yale yenye mizizi mirefu au viazi chini ya ardhi, kama sangari na ndago. Mtu akiikata sangari vipande kumi kwa jembe, amepanda sangari kumi. Yafaa udongo uinuliwe kwa uma, mizizi myeupe ichambuliwe kwa mkono, kisha ianikwe juu ya bati mpaka ivunjike kama vijiti. Isitupwe katika shimo la mbolea ingali mbichi. Ndago ni mbaya zaidi, maana akivutwa jani viazi vyake hukatika na kubaki chini. Hushindwa kwa kuchimbwa tena na tena, na kwa uvumilivu.

Tena kuna yale majani ya maji yenye maua ya buluu, ambayo Wakikuyu huyaita mukengeria na Wajaluo odielo. Hayo huchanua juu, na chini ya udongo pia huzaa maua madogo yasiyoonekana, yenye mbegu. Na shina lake likiachwa juu ya udongo wenye unyevu, hutoa mizizi upya.

Wapanda maua wengi huharibu kazi kwa haraka. Mvua ya kwanza ikinyesha, hupanda siku iyo hiyo. Ingekuwa bora wangoje kama majuma mawili, magugu yaote kwanza. Halafu, asubuhi ya jua kali, wakwangue udongo wa juu kwa kina cha inchi moja tu. Akichimba zaidi, mtu huziinua mbegu zilizolala chini, naye atakuwa ameanza kazi upya. Baada ya hapo waridi au zinia zaweza kupandwa, na nafasi kati yake ifunikwe majani makavu au makapi ya kahawa, unene wa inchi 2 au 3. Mbegu ndogo zikikosa mwanga hazioti kwa urahisi. Majani hayo yawe yamekatwa kabla ya kuzaa mbegu, wala yasigusane na mashina, yasije yakaozesha maua au kuwavuta mchwa.

Samadi mbichi ya ng'ombe nayo huleta magugu, kwa kuwa mbegu nyingi hupita tumboni mwa mnyama bila kufa. Irundikwe na kugeuzwa mpaka ipate moto, kisha ipoe. Dawa za kuua magugu zisinyunyizwe ovyo kati ya maua. Nyingi haziwezi kutofautisha waridi na sangari.

Baadhi ya watu husema haya yote ni mchezo wa wenye nafasi. Lakini mwezi wa Aprili mahindi na maharagwe huhitaji palizi, na mama wa nyumba, ambaye mara nyingi ndiye mwenye jembe, hawezi kuwa mahali pawili. Tuta la maua huachwa. Kufikia Juni sangari imevuka ua na kuingia katika maharagwe, na watoto wamekichukua kishona nguo kwa soksi zao mpaka shambani. Afadhali tuta moja dogo lililo safi kuliko matano ya kuonyesha wageni.

Hata hivyo, si kila gugu huja kwa upepo. Gugu maji lilitoka Amerika ya Kusini likapelekwa nchi nyingi kwa ajili ya uzuri wa ua lake, na kufikia mwaka 1990 lilikuwa limeingia katika Ziwa Victoria, ambako limewafungia wavuvi njia mara nyingi. Kwa hiyo anunuapo miche kando ya barabara, mtu autazame vizuri udongo uliomo ndani ya mfuko. Akiona jani jembamba la ndago limechomoza kando ya mche, amrudishie mwuzaji, na kuchagua mwingine.