Aliyelipa naye aandikwe

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hii humsema mkopaji, lakini leo ningependa tuitazame kwa jicho la yule anayekopesha. Siku ya kutoa fedha, yeye huiona harusi tu. Hajui kama aliyeketi mbele yake ni mtu wa kulipa au mtu wa kuhama nyumba usiku. Na kwa kuwa hajui, hudai hati ya nyumba. Asiyekuwa na hati hurudi alikotoka.

Tumchukue mama lishe mmoja wa Buguruni. Kwa miaka minane yumo katika kikundi chake cha VICOBA. Kila wiki wanakutana, wanafungua sanduku lenye kufuli tatu, wananunua hisa na kukopeshana. Amekopa zaidi ya mara kumi na kila mara amepeleka marejesho kwa wakati, hata mwaka ule aliouguliwa na mtoto. Sasa anataka kukodi fremu na kununua jokofu. Fedha za kikundi hazitoshi, anakwenda benki. Afisa mikopo anabonyeza kompyuta yake, anaitazama, kisha anamwambia: "Mama, huna historia ya mikopo."

Hana historia! Miaka minane ya kulipa imeandikwa, ila imeandikwa katika daftari lililofungiwa sandukuni. Mbele ya benki, mama huyu na tapeli aliyeshuka kwenye basi jana ni sawasawa.

Jambo hili si la mama huyo peke yake. Mkopeshaji asiyeweza kumtenga mlipaji na mkwepaji huwatoza wote riba ya mkwepaji. Mlipaji mwema hubebeshwa deni ambalo hakulikopa yeye. Mwisho wake huchoka na kujitoa, na wanaobaki kwenye foleni ni wale wasiojali riba, kwa kuwa hawana nia ya kulipa. Mwaka 2001 wachumi watatu wa Marekani, George Akerlof, Michael Spence na Joseph Stiglitz, walitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi soko linavyoharibika pale upande mmoja unapoyajua yale ambayo upande wa pili hauyajui. Mama lishe wetu amelijua hilo bila kupita chuo kikuu.

Nchi yetu ililionja tatizo la madeni kwa wakubwa kwanza. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1990, Benki ya Taifa ya Biashara ilikuwa imelemewa na madeni yasiyolipika, mengi yakiwa ya mashirika ya umma na vyama vya ushirika. Mwaka 1991 ikatungwa sheria ya kuunda chombo maalumu cha kukusanya madeni hayo, kikajulikana kwa kifupi kama LART. Mwaka huo huo sheria nyingine ikafungua mlango kwa benki binafsi. Benki zikaongezeka, kila moja na majalada yake kabatini. Aliyeshindwa kulipa huku angeweza kuvuka barabara akaombe kule.

Ndipo mwaka 2012 Benki Kuu ilipotoa kanuni za kuanzisha kanzidata ya taarifa za wakopaji, pamoja na kampuni za kuzichambua taarifa hizo. Mwaka 2013 kampuni mbili zikapewa leseni. Tangu hapo benki inaweza kuuliza: huyu anadaiwa wapi, na hulipaje? Ni hatua njema. Lakini daftari hilo kubwa hujazwa hasa na benki. Anayekopa benki huonekana, anayekopa kikundini haonekani. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwapanga wakopeshaji katika madaraja manne, na vikundi vya kijamii, VICOBA vikiwemo, vikawekwa daraja la nne. Kwa hiyo vikundi vina nafasi yake katika sheria. Kilichobaki ni uaminifu wa wanachama wake nao uwe na nafasi.

Lakini tusikurupuke. Hatuna budi kwanza kutazama yaliyowapata majirani zetu.

Kenya ilitangulia. Kanuni zake zilitoka mwaka 2008, na kampuni ya kwanza ikapewa leseni mwaka 2010. Hata hivyo, mwanzoni daftari la Kenya liliandika wakosaji tu. Aliyelipa hakuandikwa popote, mpaka kanuni mpya zilizoanza kutumika mwaka 2014 ziliporuhusu habari njema nazo ziingie. Wakati huo mikopo ya simu ilikuwa imekwisha kuanza, M-Shwari ikiwa imezinduliwa Novemba 2012. Mtu aliweza kukopa shilingi mia tano akiwa ndani ya matatu, akashindwa kuzirudisha, jina lake likaandikwa. Vijana waliotafuta kazi wakaambiwa walete cheti cha kuonyesha kuwa hawamo. Herufi tatu, CRB, zikawa tishio majumbani.

Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya ikakataza mtu kuandikwa kwa deni lisilofika shilingi 1,000 za huko, na ikawazuia wakopeshaji wa mitandaoni wasiosimamiwa na mtu kupeleka majina. Novemba 2022 ukaja mpango wa nafuu: madeni ya simu yaliyokwama yapunguzwe kwa angalau nusu, na wakopaji wasafishiwe majina. Benki Kuu hiyo ilisema mpango ungewafaa watu zaidi ya milioni 4.2, wenye madeni ya shilingi bilioni 30 hivi. Fedha hizo ni nyingi kwa masikio yetu, lakini hazikufika asilimia moja ya mikopo yote ya benki za Kenya. Watu milioni nne walichafuka majina kwa sehemu isiyofika shilingi moja katika kila mia.

Je, hilo lina maana kwamba daftari ni baya? Hasha. Maana yake ni kwamba daftari ambalo mnyonge huingia kwa mlango wa kosa peke yake halina tofauti na daftari la mahabusu. Mwenye nacho huandikwa mema na mabaya, kwa sababu hukopa na kulipa mchana kweupe. Mnyonge hulipa gizani, akaandikwa siku anapojikwaa.

Najua wapo watakaouliza: je, siri zetu? Hofu hiyo ina msingi. Tumewaona wenye programu za mikopo ya simu wakiwapigia wakwe na majirani wa mdaiwa. Novemba 2024 Benki Kuu yetu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Lakini tujiulize, watu hao wanastawi kwa nini? Wao na wenzao wa mikopo ya kausha damu hawahitaji historia ya mtu. Rehani yao ni aibu yako. Wanakuja kwako kwa sababu mlango wa mkopo wa haki umefungwa, na umefungwa kwa kuwa hakuna anayeweza kusoma jinsi ulivyolipa jana. Mtu asiye na kumbukumbu njema ndiye chakula chao.

Kwa hiyo yapo mambo ya kufanya. Mwanachama wa kikundi au SACCOS akiridhia kwa hiari yake, marejesho yake yapelekwe kwenye kanzidata pamoja na namba yake ya kitambulisho cha NIDA, kwani akina Juma Hassan katika Dar es Salaam ni wengi, na deni la mmoja lisimwangukie mwingine. Benki nazo zisifungue taarifa hizo kwa nia ya kukataa tu. Anayeonekana kuwa amelipa mara kumi apunguziwe riba na alegezewe masharti ya dhamana, ama sivyo hataona faida ya kuandikwa. Na mkopaji mwenyewe aombe kuiona taarifa yake kabla hajaenda kukopa, akiona kosa alilalamikie. Tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na sheria isiyotumiwa na wananchi hubaki karatasi.

Ndugu wasikilizaji, maskini hana shamba lenye hati wala nyumba ya kuweka rehani. Alichonacho ni neno lake, na ushahidi kwamba jana alilitimiza. Huo ndio mtaji wake, naye ameujenga wiki kwa wiki kwa jasho lake. Tukiuacha ukae sandukuni chini ya kufuli tatu, tutakuwa tumemnyang'anya.

Aliyekosa ameandikwa. Aliyelipa naye aandikwe.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.