Kompyuta na Mkondo wa Bahari



Mnakumbuka tulipokuwa kidato cha pili, mashua moja ya Mkwaja ilipopotea. Ilikuwa wakati wa kaskazi. Watafutaji wakaufuata upepo, wakapekua bahari ya kusini siku tatu wasione kitu. Baba wa mwenzetu mmoja alikuwamo.

Walinzi wa pwani wa Marekani, tangu mwaka 2007, huanza msako kama huo kwa programu iitwayo SAROPS. Kompyuta hupewa upepo na mkondo, ikaiga bahari kwa hesabu: hutupa humo maelfu ya nukta, kila moja ikiwa mfano wa mtu au chombo, na kuzifuata saa kwa saa. Zinapokusanyika nyingi ndipo pa kutafuta kwanza. Chombo kilichojaa maji hufuata mkondo kuliko upepo, na mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, ijapokuwa wakati wa kaskazi hupungua kasi.

Hesabu za namna hiyo hutumiwa pia na wataalamu wa viumbe. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya pwani yetu yalikufa kwa joto la maji. Vitoto vya matumbawe huelea siku kadhaa, hata wiki, kabla ya kushika mwamba. Kompyuta hukisia mwamba upi huzalisha na upi hupokea, ili ule mzazi ulindwe kwanza.

Lakini mashine (hapa wavuvi hunicheka) haianzi bila kuambiwa chombo kimetoka saa ngapi, kikielekea wapi. Naomba tuchangie daftari la kuandikia hayo pale dikoni Mkwaja, na kalamu yake.