Vidonge Vinavyobanwa: Kwa Nini Wenye Kifafa Hukatiza Dawa

Kwamba kifafa ni ugonjwa wa ubongo, na kwamba hauambukizwi kwa povu wala kwa kumshika aliyeanguka, wanasemina wanalijua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa, na hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Fenobabitali, mojawapo ya dawa za kifafa, ilianza kutumika mwaka 1912 na bado ni ya bei nafuu kuliko nyingi.

Hata hivyo dawa haimezwi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 huko Kilifi, pwani ya Kenya, ulipima damu badala ya kutegemea maelezo ya mgonjwa, ukakuta pengo la matibabu, yaani wagonjwa wasiotibiwa ipasavyo, la asilimia 62. Yaliyohusishwa na pengo hilo ni pamoja na imani za jadi, kulipia dawa, kuugua zaidi ya miaka 10, na kuishi zaidi ya kilomita 30 kutoka kituo cha afya.

Semina nyingi huishia kwenye imani. Ni kweli, pwani mtoto akipatwa na degedege wapo wanaotaja nyuni, pepo wa ndege anayeaminika kumwangusha mtoto, na mganga hutangulia daktari. Lakini familia nyingi hutumia kombe, maji ya maandishi ya Kurani, na kidonge pamoja bila kuona ubaya. Mada hii inasimama kwenye kilomita 30.

Mama aliyepewa vidonge vya mwezi mmoja anajua kuwa nauli ya mwezi ujao haipo. Basi anafanya kama unga unapopungua jikoni: anabana. Kidonge cha kila usiku kinakuwa cha usiku mmoja na kuruka unaofuata, au kinakatwa nusu.

Hapo dawa yenyewe inampotosha. Fenobabitali hutoka mwilini polepole; kwa mtu mzima huchukua siku tatu au nne hivi kupungua nusu. Anayeruka leo huenda asianguke kesho. Akiruka tena, bado ni mzima, na wengine huamini wamepona. Kifafa kinaporudi, hakuna anayekumbuka kidonge cha Jumapili. Hutafutwa sababu ya karibu, ugomvi wa nyumbani au jicho la jirani. Akiacha ghafla kabisa, anaweza kupata degedege mfululizo lisilokatika, nalo huua. Kwenye faili lake huandikwa tu kwamba hazingatii dawa.

Je, kituo kimezingatia? Fenobabitali imo kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, hivyo kuiagiza nje kunahitaji vibali. Mgonjwa aliyekopa nauli akakuta rafu tupu hana kosa la kujibu. Inaumiza kuona lawama hiyo ikirudiwa kliniki baada ya kliniki.

Kwa heshima kwa mamlaka husika, mada inapendekeza mgonjwa aliyetulia apewe dawa za miezi mitatu, na dawa zifike zahanati ya karibu badala ya kuishia hospitali kubwa. Mhudumu aulize kwanza vidonge vilivyobaki ni vingapi, bila kukaripia, kisha aeleze kwa nini kuruka hakuonyeshi madhara siku hiyohiyo. Wanaofunga Ramadhani wapangiwe dozi ya usiku mapema, pale dawa inaporuhusu. Mjamzito asiache dawa mwenyewe; amwone daktari, ikiwezekana kabla ya mimba. Waganga washirikishwe, si kutishwa. Vibali viombwe kabla ghala halijakauka. Na tena: miezi mitatu, karibu na nyumbani, bila malipo kwa asiyeweza.

Mpango wa dunia wa Shirika la Afya Duniani wa 2022–2031 unazitaka nchi ziongeze huduma za kifafa kwa asilimia 50 kutoka kiwango cha 2021. Kwa Kilifi hatua ya kwanza haingoji dawa mpya. Inangoja waraka unaowaruhusu wafamasia kutoa dawa za miezi mitatu, na mtu wa kuusaini.