Joto la Kifua cha Mama

Leo tunamzungumzia mtoto mchanga katika siku zake 28 za kwanza. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai nchini Kenya, 21 hufariki kabla ya siku hizo kutimia. Wengi wao huuawa na mambo matatu: kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa pumzi na maambukizi.

Pumzi haingoji. Mtoto asipolia, mkunga ana dakika moja tu ya kumpangusa, kumsugua mgongo na, ikibidi, kumpumulisha kwa mfuko na barakoa. Kwa hivyo mama, uchungu ukianza, shika njia ya hospitali, usingoje kupambazuke. Maambukizi nayo hupitia mikononi, iwe ya muuguzi, ya nyanya au ya jirani. Nawa kwa sabuni kabla ya kumgusa, wala usipake kitovuni kitu usichopewa na wahudumu.

Lakini huku kwetu kwenye miteremko ya Mlima Kenya, kuna baridi. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 ana mafuta machache chini ya ngozi. Akipoa, hunyonya kwa shida; asiponyonya, sukari mwilini hushuka, na nguvu za kupumua humwishia. Na mashine za kupasha joto zikiwa chache, au umeme ukipotea, atapashwa na nani?

Na wewe, mama. Mbinu ya kangaruu ilianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978. Mtoto huachwa na nepi, kofia na soksi, akalazwa kifuani ngozi kwa ngozi, akafungwa kwa leso. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2021, uliofanywa katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kwamba kwa watoto wa kilo 1 hadi 1.8, kuanza mara tu baada ya kuzaliwa badala ya kungoja watulie kulipunguza vifo kwa robo. Mama akichoka, baba naye ana kifua.

Basi muulize muuguzi: naweza kumbeba kifuani sasa?

Na mkisharudi nyumbani, akikataa kunyonya, akipata homa, akipoa, akipumua mbio au kitovu kikitoa usaha, msilale naye hivyo. Mfunge kifuani, mrudi hospitalini, njia nzima akiota joto lako.